Wakala wa forodha anayeshika nguo kabla ya invoisi, Tanga: nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia makusudi kwa sababu ya simu, maana hawa watu simu yao inaita mpaka inakata yenyewe na ukituma meseji asubuhi unajibiwa watu wakishaswali Alasiri, lakini kazi yenyewe, yani kazi ya kugomboa nguo za kike za pamba na kuzipanga kwenye namba zake za forodha, kwa hapa Tanga sijaona anayewafikia na nasema hivi nikiwa nimeshapita kwa wengine.

Jina siliandiki hapa, sijawaomba ruhusa na sitaki ionekane tangazo, anayetaka aje inbox. Ni ofisi ndogo ya ghorofani ukiwa unateremkia bandarini, ngazi nyembamba kwelikweli, ndani utamkuta mzee mmoja wa makamo, vijana wawili na binti wa mapokezi ambaye hana haraka na mtu hata kama kontena lako linaungua.

Kwa wasionijua, mi nauza nguo za kike Ngamiani, na karibu zote ni pamba, si kwamba napenda sana pamba ila hili joto la Tanga na ule unyevu wa bahari ukimvalisha mtu poliesta atakurudishia kesho yake na maneno juu. Wateja wa huku wanajua nguo jamani. Mtu anashika pindo, anasugua kwa vidole viwili, anakwambia hii haijajaa pamba dada'ngu usinidanganye, na kweli ukiangalia lebo unakuta yuko sahihi. Naleta kurti, yale mavazi marefu ya juu ya Kihindi, na suruali zake kutoka India, magauni, tisheti na leggings kutoka China, madera kutoka kotekote.

Sasa huko nyuma wengi wetu tulikuwa tunapitisha mizigo kwa watu wa kargo, wale wa bei kwa kilo au kwa ujazo, kodi humohumo, wewe kazi yako ni kwenda kupokea robota lako tu. Siwasemi vibaya, kwa mtu anayeanza na mzigo mdogo ni nafuu na hakuna kuumiza kichwa. Shida inakuja duka likikua. Ile karatasi ya forodha, TANSAD, haiwi na jina lako, kwahiyo siku ukiulizwa hii bidhaa imeingiaje nchini huna cha kuonyesha zaidi ya risiti ya kargo iliyoandikwa kwa biki, na kama umesajiliwa VAT ile asilimia 18 iliyolipwa bandarini huwezi kuidai kwa sababu haijalipwa kwa jina lako. Ndo maana nikatafuta wakala wa kunitolea mzigo wangu mwenyewe.

Wakala wa kwanza niliyempata, naye simtaji, alikuwa na maneno matamu na bei ya chini. Akachukua invoisi, akachukua paking listi, nguo hakuomba hata kuziona. Mzigo mzima, magauni, tisheti, suruali, nguo za kulalia, sidiria, vyote akavishusha kwenye mstari mmoja wa tamko la forodha kana kwamba ni gauni moja limejirudia mara elfu. Mzigo ukaenda ukaguzi, wakafungua, wakakuta alichoandika na kilichomo ndani haviendani. Hapo ndo utajua storeji ya bandarini inavyohesabika, kila siku inayopita ni hela, na duka liko tupu na Idi inakaribia. Marekebisho yakafanyika, mzigo ukatoka, ila ile faida ya Idi yote nikaiachia getini.

Hawa wa sasa hivi ni tofauti toka siku ya kwanza. Nimepanda na bahasha yangu ya makaratasi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamsogezea invoisi, akaiweka pembeni hata hakuifungua. Akasema nguo ziko wapi? Nikamwambia mzee mzigo uko majini, akasema sijakuuliza mzigo, nakuuliza sampo, au umenunua bila kushika? Bahati nzuri sampo zilikuwepo dukani. Akasema nenda kazilete, kila aina moja, usiniletee picha.

Nilidhani ni ulimbukeni. Kumbe hapo ndo kazi ilipo.

Nimeleta mfuko, akamwaga mezani. Akaanza kugawa mafungu mawili bila kusoma lebo hata moja, anashika, anavuta kidogo, anageuza ndani nje, anaweka kulia au kushoto. Ana kilenzi kidogo cha kukuzia kama cha mafundi saa, akikutana na kitambaa kinachomtatiza anakiinamia nacho. Akaniita niangalie. Tisheti ukiiangalia kwa kile kilenzi unaona vitanzi, uzi mmoja umejizungusha ukashika uzi mwenzake, safu kwa safu. Kurti unaona nyuzi zimekatana, moja inapita juu moja chini, kama shuka, kama kanga. Akasema basi hiyo ndo njia panda ya kwanza, vya vitanzi karibu vyote vinaenda sura ya 61 ya kitabu cha namba za forodha, vya nyuzi za kukatana vinaenda sura ya 62, na ukikosea hapo huko mbele kote umepotea. Halafu akanionya kitu ambacho naona hata mawakala wengine hawakijui, kwamba usijaribu kwa kuvuta peke yake, kwa sababu suruali za jinzi za siku hizi zina spandex kidogo zinavutika vizuri tu ila kitambaa ni cha nyuzi za kukatana, kwahiyo jinzi ya kike ya pamba inabaki 6204.62, wakati leggings ya pamba ambayo dada mwingine anaivaa kama suruali ileile ni vitanzi, inaenda 6104.62.

Nikafurahi nikasema basi imeisha. Wapi.

Akaja kwenye kurti. Invoisi ya India imeandika blauzi zote, namba ya blauzi za pamba za kitambaa cha kukatana ni 6206.30, na mi kwa akili ya kawaida naona ni blauzi tu. Mzee akapitisha mkono kwenye mshono wa ubavuni, taratibu, mkono ukazama. Mfuko. Kurti ina mifuko miwili iliyojificha kwenye mishono chini ya kiuno, mi mwenyewe nauzia hiyo mifuko, wateja wanaipenda kwa ajili ya simu. Akasema kuanzia lile toleo la 2022 la mfumo wa HS, yani mfumo wa dunia wa namba za bidhaa, maelezo ya mwanzo wa sura ya 62 yanasema wazi kwamba nguo yenye mfuko chini ya kiuno haikai kwenye 6206, wala yenye kamba au mpira wa kubana pale chini. Sura ya 61 hilo sharti lilikuwepo zamani, sura ya 62 ndo limeongezwa. Kwahiyo zile kurti zenye mifuko akazihamishia 6211.42, nguo nyingine za kike za pamba, na zile zisizo na mifuko zikabaki blauzi. Mzigo mmoja, sapraya mmoja, rangi zilezile, mistari miwili.

Na suruali zake je? Hapa nilibisha kidogo kwa sababu dukani nauza seti. Akauliza kitambaa ni kimoja? Kurti ina maua, suruali ni nyeupe tupu. Akasema ili forodha waihesabu seti lazima vipande viwe vya kitambaa kilekile, rangi ileile, mchanganyiko uleule wa nyuzi, na saizi zinazoendana, ndo inaitwa seti kweli na ina namba yake, 6204.22 kwa pamba. Hizi zako ni kurti na suruali zilizokutana kwenye mfuko mmoja wa nailoni, kila moja inaenda kwake, hata kama wewe dukani unaziuza pamoja. Mi kwa wateja nitaendelea kuziita seti, huko kwao waite wanavyotaka.

Kwenye tisheti nako kuna vijimambo. Tisheti ya kawaida ya pamba ni 6109.10. Ikiwa na kola na vifungo vya juu kama zile za polo, ya kike, inahama kwenda 6106.10. Ikiwa na kamba ya kubana chini inahama tena kwenda 6110. Na ile tisheti ndefu ya kufika magotini ambayo tunaiuza kama gauni la kushindia basi ni gauni, 6104.42. Sidiria iwe ya vitanzi au isiwe inaenda 6212.10 tu, hiyo haina mjadala, ndo nguo pekee mle mezani iliyopita bila maswali. Mitandio ikija peke yake ina kwake 6214 kama si ya vitanzi.

Halafu mashati. Nilikuwa na yale mashati mapana ya mtindo wa sasa ambayo hujui ni la kike au la kiume. Mzee akafunga vifungo akaangalia upande gani umelalia upande gani. Kulia juu ya kushoto, la kike. Kushoto juu ya kulia, la kiume. Na kama haijulikani kabisa linahesabiwa la kike. Nikacheka nikamwambia mzee kumbe hata forodha tukishindwa kuelewana tunabebeshwa sisi wanawake, naye akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho nimemuona anacheka.

Madera ndo yalichukua muda kuliko vyote. Sapraya alikuwa ameyaandika kama nguo za kulalia, na hizo zina namba yake, za pamba za kitambaa cha kukatana ni 6208.21. Lakini jamani dera la Tanga ni la kulalia? Kitambaa kizito hakionyeshi mwili, kifuani kuna nakshi, limekuja na mtandio wake, mtu anaenda nalo kwenye maulidi, kwenye harusi, sokoni, kumtazama mzazi. Mzee akawa na msimamo kwamba kinachotazamwa ni nguo ilivyotengenezwa na inavyovaliwa, si sapraya alivyojisikia kuandika, akayapanga kama magauni, 6204.42. Ila hakuishia hapo, akatenga fungu dogo la yale mepesi yanayoonyesha, yasiyo na mtandio, akasema haya nayaacha kwenye za kulalia na wewe ukienda kuyauza kama madera ya harusi ni juu yako.

Pamba je? Maana mi nasema pamba, lebo inasema pamba, sapraya anasema pamba. Alichofanya ni kuchomoa uzi kwenye pindo la ndani akauwasha kwa kiberiti pale dirishani. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, jivu laini linapukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kidonge kigumu cheusi. Magauni ya aina moja yakatoa kidonge. Lebo iliandika pamba asilimia 50 poliesta asilimia 50, na mi nilikuwa najiambia si nusu kwa nusu, tuandike pamba. Haiendi hivyo. Kanuni ni kwamba nyuzi iliyozidi kwa uzito ndo inayobeba nguo nzima, na zikilingana sawasawa inachukuliwa ile inayokuja mwisho kwenye mpangilio wa namba, pamba ni sura ya 52, poliesta iliyochanganywa namna ile ni sura ya 55, kwahiyo nguo inahesabika ya sintetiki, yale magauni yakatoka 6204.42 yakaenda 6204.43. Ila akasema kiberiti ni cha kumjulisha yeye tu, siku likija bishano la kweli kinachoamua ni kipimo cha maabara, si moshi wa dirishani.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema sasa dada yote hayo ya nini na ushuru ni uleule. Ni kweli. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoweka kile kiwango cha nne cha ushuru wa forodha, nguo za sura ya 61 na 62 zinakaa kwenye asilimia 35, iwe gauni iwe blauzi. Piga hesabu, mzigo ukithaminiwa milioni 10 pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini, ushuru ni milioni 3 na laki 5, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 13 na nusu, siyo juu ya 10, hiyo ni milioni 2 na laki 4 na elfu 30. Jumla inakaribia milioni 6 na bado tozo ndogondogo hazijaingia. Hakuna namba ya nguo mpya ya kike itakayokuokoa hapo, na wakala akikwambia anayo ya kukuokoa kimbia.

Lakini mi nimeona kwa macho yangu kinachotofautiana. Thamani. Afisa akitilia shaka bei uliyoandika, sheria inamruhusu alinganishe na bei za bidhaa kama hiyo zilizoingia, na bidhaa kama hiyo anaitafuta kupitia namba. Ukiweka tisheti zako za bei chee kwenye mstari wa magauni, unalinganishwa na magauni ya watu. Hapo ndo wafanyabiashara wanalia wamepandishiwa, kumbe wakala ndo alikaa nao meza isiyo yao. Na cha pili ni ukaguzi, karatasi ikifanana na kilichomo ndani ya kontena mzigo unapita mapema, na mapema bandarini ni hela. Tangu waichimbe Bandari ya Tanga na kujenga gati, meli zinafunga gatini, zile hadithi za matishari kufuata mzigo majini tunawaachia wazee, kwahiyo mzigo siku hizi unashuka haraka, wa kuchelewa ni wewe na makaratasi yako.

Kuna siku afisa aliuliza kuhusu zile kurti za 6211, kwamba mbona mwenzako alizileta kama blauzi. Swali halali kabisa. Kijana mmoja wa hii ofisi akaenda na kurti mkononi na nakala ya ule ukurasa wa maelezo ya sura ya 62, akageuza mshono akaonyesha mfuko, yakaisha palepale wakaagana vizuri. Mi nilikuwa dukani nauza, nimeambiwa tu baadaye, na hicho ndo nakilipia. Na kama yasingeisha walishaniambia njia, ukikataa uamuzi wa forodha una siku 30 za kuandika kwa Kamishna uombe aupitie upya, zikipita bila sababu ya msingi umejifungia mlango mwenyewe. Pia kwa bidhaa unayoileta mara kwa mara na ina utata, unaweza kuomba uamuzi wa mapema kabla mzigo haujaondoka huko, wanakupa namba kwa maandishi. Hiyo sijaitumia bado ila kwa kurti nafikiria.

Kitu kingine nilichowapenda ni kwamba namba ya sapraya hawaichukui kama ilivyo. India wana tarakimu 8 zao, China wanazo 10, sisi huku Jumuiya tuna 8, na zinazofanana dunia nzima ni zile 6 za mwanzo tu. Wakala anayenakili namba nzima kutoka kwenye invoisi ya Guangzhou ujue hajafungua kitabu.

Kwa wale wa njia ya Horohoro, kule mpakani na Kenya, niwaambie na hili maana nasikia linavyozungushwa sokoni. Ni kweli mzigo usiozidi dola 2,000 uliotengenezwa ndani ya Jumuiya unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia bila ule ushuru wa forodha. Uliotengenezwa. Siyo ulionunuliwa. Gauni la China lililokaa dukani Eastleigh, Nairobi, wiki mbili halijawa la Kenya, likivuka Horohoro ni la China na asilimia 35 inalingoja. Niliwauliza hawa makusudi kuwapima, nikajibiwa kwa ukali kidogo, wakala mwingine angeniambia lete tutajua.

Na mitumba ni somo jingine kabisa, ina namba yake moja 6309, haichambuliwi gauni wala blauzi, na nguo za ndani za mitumba TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku, kwahiyo usichanganye robota la mtumba na nguo mpya kwenye hesabu moja halafu uje uwalaumu. Wao wenyewe mitumba hawaifanyi, nadhani wamechagua.

Haya, mabaya. Simu nimeshasema. Bei, siyo wa bei ya chini mjini hapa, na wanachaji kulingana na mistari ya tamko, kwahiyo mzee anavyozidi kuchambua nguo zako mistari inaongezeka na bili nayo inapanda, hapo kuna kamgongano ka maslahi nisiposema nitakuwa nawapendelea. Mi nilimuuliza usoni. Akaniambia mstari ukiwa hauna sababu nikuonyeshe kwenye nguo, usiulipe. Mpaka leo sijapata wa kutolipa, ila ningependelea waweke bei moja ya mzigo tukajua moja. Wanataka nusu kabla. Ijumaa baada ya saa 5 na nusu usihangaike kupanda zile ngazi. Binti wa mapokezi akikwambia kaa hapo, utakaa, na hakuna feni upande wa benchi.

Pia kama unatafuta mtu wa kupunguza bei kwenye invoisi, siyo hapa. Jamaa yangu mmoja alijaribu kuwagusia, mzee akamrudishia bahasha yake kwa adabu zote akamwambia karibu tena ukiwa na invoisi ya kweli. Jamaa ameapa harudi. Mi ndo imenifanya nibaki, maana makaratasi ya forodha unatakiwa uyatunze miaka 5 na wanaweza kuja kuyapitia wakati mzigo umeshauzwa na hela umeshaila, sasa nani anataka kulala na hofu hiyo.

Malipo yanakwenda kwa kontrol namba, ushuru unalipa mwenyewe benki au kwa simu, hawashiki hela yako ya kodi. Wakimaliza wanakupa faili, TANSAD, risiti, na karatasi yao moja ya kompyuta inayoonyesha kila aina ya nguo imewekwa namba gani na kwa nini, wameandika kwa Kiswahili cha kueleweka, mfano gauni, kitambaa cha kukatana, pamba asilimia 100, 6204.42. Hiyo karatasi nimeibandika stoo ukutani. Nikiagiza mzigo sasa namtumia sapraya maelezo kwa mpangilio huohuo, aandike aina ya kitambaa, asilimia za nyuzi, ina mfuko wapi, ya kike au ya kiume, idadi kwa kila aina, na wahindi mwanzo walilalamika naongeza kazi ila siku hizi wanaandika wenyewe.

Ukienda, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, mwezi Juni mwishoni jaribu kuepuka kwa sababu mwaka wa fedha unageuka Julai 1 na viwango vinaweza kubadilika, mzee anakuwa amezama kwenye gazeti la serikali hataki kuongea na mtu. Beba sampo moja ya kila aina, na lebo yake isikatwe. Mtandio usiuache nyumbani kama dera limekuja nao.

Walio Muheza, Korogwe, Pangani mmeniuliza kama lazima kufika. Wewe si lazima, nguo ndo lazima. Kuna dada wa Lushoto anaweka sampo kwenye mfuko anampa konda wa basi la asubuhi, kijana wao anazipokea stendi ya Kange, na mchana anapigiwa simu kuulizwa maswali. Hapo kwenye kupiga wao, simu zao zinafanya kazi vizuri sana.